Tulifungwa filta, majibu yanasema hewa ni salama, mbona rezini bado inatulevya? (Mtwara)

FundiFaiba

Wakuu, habari za jioni. Mods kama jukwaa si lenyewe msiufute uzi, uhamisheni tu.

Mimi ni fundi wa boti za faiba hapa Mtwara mjini. Kwa asiyeijua kazi: tunapaka jelikoti (tabaka laini la nje) kwenye moldi, tunalaza mati ya nyuzi za kioo, tunailowesha kwa rezini (plastiki ya kimiminika) iliyochanganywa na hadena ya kuigandisha, tunapitisha rola kutoa mapovu, ikikauka tunapiga msasa. Brashi na rola zinaoshwa kwa asetoni. Banda lina paa la bati na kuta pande tatu. Upepo wa bahari ukilala, harufu inashinda humo humo mpaka jioni.

Vijana wanalalamika. Kichwa kinagonga, macho yanawasha, na anayeinama ndani ya boti kupiga rola kule chini akitoka anayumba, asiyemjua atasema kalewa. Tulimweleza mwajiri, na nisimseme vibaya, alileta wapimaji. Walitufunga kipampu kiunoni, mpira ukapanda mpaka kwenye kola, mwisho wake kuna kikopo cha plastiki chenye kikaratasi cheupe ndani. Walisema hiyo ni filta ya kupimia hewa. Tukafanya nayo kazi zamu nzima, wakaondoka nayo.

Majibu yametoka, yote chini ya kikomo. Msimamizi kabandika karatasi ukutani na kauli yake sasa ni moja: hewa imepimwa, ni salama, harufu mtaizoea.

Naomba kujua, hicho kikaratasi kinapimaje harufu? Na kama hewa ni salama, hiki kichwa kinatoka wapi?

MtotoWaShangani

Ngoja waje wajuzi. Nimeshika kiti cha mbele na korosho zangu.

kibarua_mstaafu

Kapimeni malaria kwanza. Siku hizi mtu akiumwa kichwa anasingizia kazi. Sisi tumepakua mizigo bandarini miaka na miaka, hakuna aliyetufunga pampu.

FundiFaiba

Mzee wangu shikamoo. Hiyo malaria gani inayoanza saa nne asubuhi na kupona Jumapili?

kibarua_mstaafu

Marahaba. Hapo umenibana kidogo.

MaabaraKusini

Mkuu FundiFaiba, hilo la Jumapili lishikilie. Daktari yeyote wa magonjwa ya kazini angeanza kuuliza hapo hapo: unaumwa siku za kazi, unapona siku za mapumziko? Nitalirudia.

Sasa kikaratasi. Vinavyoelea hewani kazini ni vya namna mbili, na kila namna ina mtego wake. Kuna chembe: vumbi la msasa, moshi wa kuchomelea vyuma, matone ya rangi ya kupuliza. Hizo zikigonga filta zinanasa. Halafu kuna mvuke. Rezini ya poliesta mnayotumia ina stairini ndani yake, mara nyingi kati ya theluthi na nusu ya uzito wote. Mnapoilaza, sehemu ya stairini inatoka kwenye kimiminika na kuchanganyika na hewa, molekuli moja moja. Tundu za filta ya vumbi huwa na upana wa mikroni 5 au chini kidogo. Molekuli ya stairini haifiki hata nanomita 1, na mikroni moja ni nanomita 1,000. Kuukamata mvuke huo kwa filta ya vumbi ni kuteka maji kwa wavu wa dagaa.

Kabla hatujamlaumu mtu, nenda ukutani ukasome. Tafuta mstari unaotaja kilichopimwa, aina ya filta na kasi ya pampu.

FundiFaiba

Nimekwenda asubuhi hii kabla msimamizi hajafika. Ripoti ni ya Kiingereza ila nimeambulia: vumbi la jumla, filta ya PVC ya milimita 37, lita 2 kwa dakika. Neno stairini halipo mahali popote. Asetoni nayo haipo.

MwanaLigula

Kwa hiyo mmeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wapimaji matapeli.

MaabaraKusini

Hapana, mkuu, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Hao hawakudanganya. Waliitwa, pengine wakaambiwa kuna msasa na vumbi, wakapima vumbi, tena kwa kifaa sahihi. Filta hupimwa uzito kabla ya kwenda uwandani na baada ya kurudi, kwa mizani inayosoma mikrogramu, na uzito ulioongezeka hugawanywa kwa ujazo wa hewa uliopita. Hata kuchagua PVC kunaonyesha mtu anayejua kazi, kwa sababu PVC ni plastiki, hainywi unyevu sana. Angetumia filta ya selulosi, yaani ya nyuzi za mimea, kipindi cha mvua hapa Mtwara, angepima vumbi na maji kwa pamoja. Ndiyo maana filta huachwa kwanza kwenye chumba cha mizani itulie.

Karatasi inasema kweli kuhusu vumbi. Ila imebandikwa ukutani kujibu swali ambalo haikuulizwa.

MwanaLigula

Sawa, lakini tuseme wangeipeleka filta ile ile maabara na kusema "tafuteni stairini". Wangepata nini?

MaabaraKusini

Wangepata kitu karibu na sifuri. Hata tone la rezini lililorukia kwenye filta, stairini yake ingeendelea kukauka kadiri pampu inavyovuta hewa juu yake. Karatasi ingeandikwa "haikuonekana", na msimamizi angeisoma "haipo". Mimi hiyo naiogopa kuliko kutopima kabisa, maana asiyepima anajua kwamba hajui.

binti_Mikindani

Naomba nielewe jamani. Mvuke unapimwa kwa kifaa gani basi?

MaabaraKusini

Dada, kwa mvuke kama stairini, toluini au zailini hutumika tyubu ndogo ya kioo, urefu wa sentimita 7 hivi, nyembamba kuliko kalamu ya risasi. Ndani kuna mkaa uliopangwa mafungu mawili: la mbele miligramu 100, la nyuma miligramu 50, katikati kasponji. Unakata ncha zote mbili, unafunga kwenye mpira wa pampu, fungu dogo likielekea pampu. Hewa inapita, mvuke unang'ang'ania mkaa. Jioni unaziba kwa vifuniko vya plastiki na kupeleka maabara. Kule mkaa wa mbele na wa nyuma hutolewa mbali mbali, kila mmoja unalowekwa kwenye mililita 1 ya dayosalfaidi ya kaboni, stairini inauachia mkaa na kuhamia kwenye kimiminika, halafu mashine ya kromatografia ya gesi inasoma kiasi chake.

Pampu ya kazi hii haivuti lita 2 kwa dakika, ni polepole zaidi. Mara nyingi ni lita 0.1 au 0.2 kwa dakika.

Na mkaa wenyewe kwa kawaida ni wa vifuu vya nazi.

KijanaWaMingoyo

WA VIFUU VYA NAZI? Wakuu huku Lindi vifuu tunabanikia samaki, vingine vinatupwa. Kumbe tunakalia mali. Kwa nini tusijaze wenyewe hizo tyubu? Kioo kipo, mkaa upo.

MtotoWaShangani

Kiwanda kimeshaanza huko, mkurugenzi ni KijanaWaMingoyo, mtaji pakacha mbili za vifuu.

MaabaraKusini

Hahaha. Wazo si baya hata kidogo, ila mkaa wa jikoni haufiki. Ule wa tyubu ukishachomwa hupitishiwa mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, mpaka ndani yake yatoboke matundu madogo yasiyohesabika. Gramu moja ya mkaa huo ina eneo la ndani la mita za mraba 1,000 hivi. Kifuu kinapendwa kwa sababu kinatoa mkaa mgumu usiosagika na wenye matundu membamba yanayofaa kushika gesi.

Lakini tuseme umeupata mkaa wa namna hiyo hapo Mingoyo. Bado hujapata tyubu ya kupimia, umepata mkaa ndani ya kioo. Lazima nao ujaribiwe. Hii ndiyo sehemu watu hawaijui, na ripoti nyingi huiruka, kwa hiyo nivumilieni.

Jaribio la kwanza ni usafi. Unachukua tyubu ambazo hazijavuta hewa, unaziloweka na kuzisoma kama sampuli. Ukikuta toluini humo, mkaa wako ulishakunywa kitu kiwandani au kwenye stoo. Ndiyo maana kila toleo la kiwanda lina namba, na mpimaji makini hachanganyi matoleo mawili kwenye kazi moja.

La pili ni kurudisha. Mkaa kushika ni jambo moja, kuachia ni jingine. Unachukua bomba la sindano la mikrolita, unadondoshea mkaa kiasi cha stairini unachokijua, unaziba, unaacha usiku kucha, kesho unaloweka na kusoma. Uliweka 100, umepata ngapi? Mbinu za NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, zinataka angalau asilimia 75, na jaribio lifanywe kwa viwango tofauti, kidogo na kingi, kwa sababu kiasi kidogo mara nyingi hung'ang'aniwa zaidi. Stairini ina ukorofi wake wa ziada: molekuli zake hupenda kuungana zenyewe, ndiyo kazi yake kwenye rezini, na zikikaa kwenye mkaa tabia haiishi. Kwa hiyo ipo mbinu ya OSHA ya Marekani, wasimamizi wa sheria za usalama kazini kule, inayotumia mkaa uliopakwa kemikali ya kuzuia kuungana huko. Maabara isiyojaribu kurudisha itakuandikia namba ndogo, wala haitajua kwamba ni ndogo.

La tatu ni kufurika. Mkaa una kikomo cha kumeza. Maabara inatengeneza hewa yenye kiwango kinachojulikana cha mvuke, inaipitisha kwenye tyubu, na upande wa pili inasikiliza kinachotoka. Kinachotoka kikifika asilimia 5 ya kinachoingia, ujazo uliopita hadi hapo ndio wa kufurika, na uwandani usivute zaidi ya theluthi mbili zake. Jaribio hili hufanywa kwenye unyevu wa asilimia 80, kwa sababu maji nayo yanagombea nafasi ndani ya mkaa. Sisi wa pwani tusilichukulie hilo kama nukta ndogo ya wazungu. Hapa asubuhi ya mwezi wa pili asilimia 80 ni hali ya kawaida.

Na uwandani fungu la nyuma ndilo shahidi. Likikutwa na zaidi ya asilimia 10 ya kilichopo kwenye fungu la mbele, ujue mkaa ulifurika na kuna mvuke uliopita bila kuhesabiwa. Sampuli hiyo inasema "si chini ya hapa", haisemi kiasi kamili.

KijanaWaMingoyo

Mkuu nimerudi kubanika samaki.

bi_mkubwa_wa_stoo

😂😂 Uzi mzuri sana huu.

NilikuwaMadimba

Nakazia la unyevu. Niliwahi kufanya kazi za kandarasi kwenye mambo ya gesi huku kusini. Tulikuwa na mpimaji mmoja anayepima mtiririko wa pampu asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, tena tyubu ikiwa imefungwa kwenye pampu, siyo pampu tupu. Ikitofautiana zaidi ya asilimia 5 anatupa sampuli, hata bosi apige kelele. Pampu ikiwa na betri dhaifu hewa unayodhani ni lita 10 kumbe ni 7, na hesabu yote imeharibika.

Kingine, sampuli tupu. Unakata tyubu uwandani, unaiziba papo hapo bila kuvutia hewa, inasafiri na wenzake. Ikirudi na kemikali, safari imechafua mzigo.

MaabaraKusini

Na safari ya kutoka huku hadi Dar mnaijua, kilomita 560 hivi. Tyubu zinawekwa kwenye buti la basi, pembeni kuna dumu la petroli la mtu anayeshuka Nangurukuru. Vifuniko vya plastiki si kufuli. Nimeona sampuli tupu iliyofika na harufu ya petroli kuliko sampuli zenyewe. Ziwekwe kwenye boksi lake, zenye baridi, zibebwe mkononi, na kamwe zisifungwe pamoja na kopo la rezini mliloambiwa mpeleke "ili maabara ilione".

mama_korosho

Kaka MaabaraKusini, samahani nachepusha uzi kidogo. Sisi wengine tunabangua korosho, na pale wanapokaanga na maganda moshi wake unakaba koo na kuunguza macho. Mikononi tunapaka majivu au mafuta, lakini pua hatuna la kuipaka. Huo moshi ni vumbi au ni mvuke? Kwetu nao waje na filta au na tyubu?

MaabaraKusini

Mama, hujachepusha, na swali lako ni gumu kuliko la faiba. Maganda ya korosho yana mafuta yenye asidi ya anakadi na kadoli, hayo hayo yanayowachubua vidole. Yakipata moto, asidi ya anakadi inapoteza kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Moshi unaouona una matone madogo ya mafuta hayo, masizi, na humo humo kuna mvuke na gesi za muunguo usizoziona. Tena matone na mvuke hubadilishana: moshi ukipoa mvuke unakuwa matone, matone yakikaa kwenye filta huku pampu inavuta yanarudi kuwa mvuke na kukimbia.

Kwa hiyo hapo filta peke yake inapunja na tyubu peke yake inapunja. Vinafungwa kwa mfuatano: filta mbele inashika matone, kitu cha kunasa mvuke kinafuata nyuma kushika kilichopita pamoja na kilichokimbia kwenye filta. Vyote viwili vinasomwa na kujumlishwa. Gesi kali za moshi kama kaboni monoksaidi zina vifaa vyake tena, hazikai kwenye mkaa.

Na mama, kabla ya kipimo chochote: bomba la moshi lipandishwe juu ya paa na wabanguaji wasikae upande unakoelekea upepo. Hilo halihitaji maabara.

mama_korosho

Asante mwanangu. La bomba nitalifikisha, la mfuatano watalijua wenyewe.

mkulima_Tandahimba

Na salfa tunayopuliza mikorosho kuzuia ubwiriunga? Ile inaingia mpaka kwenye kope.

MaabaraKusini

Salfa ya unga ni vumbi, filta inatosha kabisa. Ikiungua ndipo mambo yanageuka, inakuwa dayoksaidi ya salfa, nayo ni gesi.

Umenikumbusha jambo ambalo watu wa "filta haishiki gesi" nao wanapaswa kulijua. Filta kavu haishiki, lakini ipo filta iliyotiwa dawa. Kwa dayoksaidi ya salfa hufungwa filta mbili: ya kwanza kavu, inazuia vumbi lisiingilie; ya pili imeloweshwa kabonati ya sodiamu, gesi ikiigusa inageuka chumvi na kubaki. Mafundi wa kupuliza rangi ya magari, ile ya kuchanganya na hadena, wana isosayaneti, na kwa hiyo ipo filta ya nyuzi za kioo iliyopakwa kemikali inayoikamata. Kwa macho zote ni vikaratasi vyeupe. Ndiyo maana nilimwambia ndugu yetu akasome ripoti, kuangalia kikopo hakusaidii.

ghala_boy

Sisi wa maghala ya korosho je? Wakifukiza kwa vile vidonge tunaambiwa turudi baada ya siku kadhaa, turubai linaondolewa, mtu ananusa, anasema tayari.

MaabaraKusini

Mkuu, hapo usicheze. Vidonge hivyo ni fosfaidi ya alumini, vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa fosfini. Pua si kipimo: wapo wanaosikia harufu ya vitunguu saumu, wapo wasiosikia kitu. Kikomo cha NIOSH kwa zamu ni sehemu 0.3 kwa milioni, na sehemu 50 kwa milioni tayari ni hatari ya maisha pale pale. Filta ya vumbi haina kazi hapo. Kwa uamuzi wa kuingia au kutoingia huwezi kusubiri maabara ya Dar, kinatakiwa kifaa cha kusoma papo hapo: mita ya fosfini au tyubu za rangi za pampu ya mkono kama za Dräger, zile zinazobadilika rangi kwenye mistari. Usahihi wake si wa maabara, lakini jibu unalo ukiwa mlangoni. Anayefukiza ndiye mwenye wajibu wa kupima kabla hujaingia. Mdai namba.

Sasa turudi kwenye boti kabla uzi haujatupotea.

FundiFaiba

Shukrani mkuu. Nilikuwa nasubiri zamu yangu kwenye uzi wangu mwenyewe. Kikomo cha hiyo stairini ni ngapi? Nataka nikiongea niwe na namba.

MaabaraKusini

Namba zipo, ila hazifanani. OSHA ya Marekani kwa zamu ya saa 8 ina sehemu 100 kwa milioni. NIOSH, ambao ni watafiti wa nchi hiyo hiyo, wanasema 50. ACGIH, ambao ni chama cha wataalamu, walishuka kutoka 20 hadi 10. Sheria huchelewa, utafiti hutangulia. Na mwaka 2018 jopo la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka stairini kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Ripoti ikikwambia "chini ya kikomo" uliza cha nani.

Hesabu yenyewe unaiweza. Pampu imevuta lita 0.1 kwa dakika kwa dakika 100, hiyo ni lita 10, yaani mita za ujazo 0.01. Maabara ikipata miligramu 2.13 kwenye mkaa, gawanya: miligramu 213 kwa mita ya ujazo. Kwa stairini sehemu moja kwa milioni ni miligramu 4.26, kwa hiyo una 50. Kwa kikomo kimoja uko nusu ya ruhusa, kwa kingine uko mlangoni, kwa kingine umezidisha mara tano. Hewa ni ile ile.

MwanaLigula

Hapo ndipo nilipokuwa sipaelewi siku zote. Kumbe "salama" ina wenyewe.

kibarua_mstaafu

Vijana, kwani barakoa haziuzwi? Vaeni, kazi iendelee.

NilikuwaMadimba

Mzee, barakoa ya karatasi ni filta ile ile. Inazuia vumbi la msasa, mvuke unapita. Kwa mvuke wa rezini unahitaji kinyago cha mpira chenye kopo la mkaa. Makopo ya mfumo wa Ulaya ya mvuke huu yana mstari wa kahawia, ya Marekani yana mweusi. Nayo hufurika kama tyubu, hayadumu milele. Na asetoni ni mwepesi sana, inachemka kwenye nyuzi 56, kopo la kawaida la kahawia halikutengenezwa kwa ajili yake, lipo la aina ya AX.

binti_Mikindani

Halafu jamani hiyo asetoni nayo si itachanganyika na stairini kwenye mkaa mmoja?

MaabaraKusini

Dada, wewe njoo ufanye kazi maabara. Ndiyo, inachanganyika, na nzito inaifukuza nyepesi. Stairini ikishika nafasi, asetoni inasukumwa kwenda fungu la nyuma na hatimaye nje. Kwa hiyo asetoni huvutiwa tyubu yake, hewa kidogo, lita chache tu.

FundiFaiba

Nimeongea na msimamizi kwa upole. Anasema kipimo kingine ni gharama, pampu hawana, na wakileta tena "mtataka na cha tatu".

MaabaraKusini

Kipo kisichohitaji pampu. Ni beji ya kubandika kwenye kola, ndani ina mkaa, mvuke unaingia wenyewe kwa kusambaa. Jioni unaifunga na kuipeleka. Udhaifu wake: inahitaji hewa inayotembea kidogo mbele yake. Kule chini ndani ya boti, hewa ikiwa imesimama kabisa, itasoma pungufu, na hapo ndipo mtu wenu anapoyumba. Kwa huyo ningesisitiza pampu hata kama ni moja.

Pia kuna mkojo. Mwili ukiivunja stairini unatoa asidi ya mandeliki, na mkojo wa mwisho wa zamu unaonyesha mwili umemeza kiasi gani, iwe kwa pua au kwa ngozi. Hapo ndipo Jumapili yako inarudi: wa Jumatatu asubuhi kabla ya kazi na wa jioni ya siku ya kulaza mati, vikiwekwa pamoja, vinaongea.

Na kuhusu gharama, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la mazingira salama, na inatambua mwakilishi wa wafanyakazi wa usalama na afya. Mwakilishi huyo aandike barua, isiwe wewe peke yako. OSHA yetu ya Tanzania, siyo ile ya Marekani, ndio wasimamizi.

bi_mkubwa_wa_stoo

Niongeze la stoo: dai karatasi ya usalama ya rezini, inakuja na mzigo, mara nyingi tunaitupa kwenye droo. Ina jina la kila kemikali. Mpimaji akipewa hiyo hawezi kusema hakujua apime nini.

MaabaraKusini

Hilo ningelianza nalo mimi. Asante sana.

FundiFaiba

Wakuu, barua tumekaa nayo leo mchana na mwakilishi. Nimeiweka hapa mnikosoe kabla haijaenda:

"Tunashukuru kwa kipimo cha vumbi. Tunaomba kipimo cha mvuke wa stairini na asetoni kwa tyubu za mkaa au mbinu nyingine iliyothibitishwa kwa kemikali hizo. Ripoti itaje mbinu iliyotumika, toleo la tyubu, kiwango cha kurudisha, matokeo ya fungu la mbele na la nyuma, mtiririko wa pampu kabla na baada, na kikomo kilichotumika ni cha nani. Tunaambatanisha karatasi ya usalama ya rezini."

NilikuwaMadimba

Imetulia. Ongeza sampuli tupu.

MaabaraKusini

Na ongeza mambo mawili yasiyo ya maabara. Pampu afungwe anayeingia ndani ya boti kupiga rola, asifungwe anayekaa mlangoni. Tena pamoja na wastani wa zamu, zichukuliwe sampuli fupi za dakika 15 akiwa mle chini, maana wastani wa siku unaweza kumezwa na masaa ya msasa. La pili, siku. Ile mara ya kwanza walikuja siku gani?

FundiFaiba

Walikuja siku ya msasa. Rezini haikufunguliwa siku ile mpaka saa tisa.

MwanaLigula

Eeeh!

MaabaraKusini

Basi andika siku.

FundiFaiba

Nimeandika: "siku ya kulaza mati, kuanzia ndoo ya kwanza ya rezini inapofunguliwa." Mwakilishi anaipeleka kesho asubuhi. Nitaleta mrejesho hapa hapa, msiufunge uzi.